Tiba mseto si kuchanganya dawa kiholela

Juzi nilivuka Mto Sabaki kwenda Mambrui kumjulia hali ndugu yangu mmoja mwenye saratani ya tezi ya shingo. Awali alidhani ni rovu tu. "Mwalimu," akaniambia, "daktari asema nitapewa tiba mseto. Basi nami nimeongeza mitishamba, mseto ukamilike."

Nilishtuka. Neno ninalolifundisha miaka yote hii lilikuwa linamponza mtu.

Mseto linatokana na kitenzi seta, yaani ponda. Kwetu Pwani ni wali uliopikwa pamoja na pojo. Mnamo 2008 Wakenya tukawa na serikali ya mseto. Katika utabibu, tumezoea kusikia dawa mseto ya malaria. Lakini muulize mpishi yeyote: pojo hutangulia chunguni kwa kuwa huchelewa kuiva, mchele ukafuata. Mseto una zamu na kipimo.

Saratani ya ndugu yangu ni ile kali, anaplastiki. Seli zake zimepoteza sura na kazi ya tezi, hazivuti tena ayodini. Kwa hivyo tiba ya ayodini yenye mnururisho, inayosaidia wagonjwa wengi wa saratani nyingine za tezi hii, hapa haifui dafu. Uvimbe nao hukua upesi na kubana koo. Ndipo madaktari hupanga upasuaji ukiwezekana, kisha mionzi pamoja na tibakemia.

Mnamo Mei 2018, Marekani iliidhinisha dabrafenib na trametinib zitumiwe pamoja dhidi ya saratani hii. Zote mbili huziba njia moja inayoiamuru seli ikue, ila kila moja huiziba mahali pake. Hata hivyo, ni za wagonjwa ambao jeni yao ya BRAF ina badiliko liitwalo V600E. Kipimo kwanza, dawa baadaye.

Na mitishamba je? Baadhi hubadilisha namna ini linavyochakata dawa: ikapungua nguvu au ikazidi hadi kudhuru.

Ndugu yangu alinisikiliza, akanyamaza, kisha akampigia daktari simu na kumtajia kila alichokunywa. Nilipumua.

Wanahabari na wafasiri wenzangu, tuandikapo "tiba mseto", tuongeze maneno matatu: iliyopangwa na daktari.