Migomba Haisubiri Harusi

Jumanne moja, saa kumi na mbili na nusu jioni, kwenye ukumbi wa nyuma wa mgahawa mmoja hapa Wandegeya, mwenyekiti wa kamati yetu ya harusi alisimama akaanza kusoma bajeti mstari kwa mstari. Hema. Viti. Keki. Magari manne. Alipofika kwenye mapambo akataja shilingi milioni sita za Uganda, na wajumbe wakaitikia kwa vichwa kama watu waliotajiwa bei ya nyanya. Mchumba wangu alikuwa ameketi kando yangu, kompyuta iko mapajani chini ya meza, anarekebisha jedwali la sura ya nne ya tasnifu yake. Akaniinamia sikioni: "Milioni sita ni friza ya maabara, ile ya mtumba." Nikacheka kwa sauti. Mweka hazina akadhani nimeafiki, akaandika.

Mimi ni mchoraji, Mhaya wa Bukoba, Mlutheri kwa ubatizo na kwa malezi. Miaka tisa iliyopita nilivuka mpaka wa Mutukula kwa basi, nikaja kusoma sanaa Makerere, na sijarudi nyumbani ila kwa likizo. Asubuhi nafundisha uchoraji sekondari, usiku nachora za kwangu. Yeye ni Mganda, Mwanglikana, mtoto wa walokole (neno hilo mnalolitumia hadi Dodoma asili yake ni Kiganda), na anaandika tasnifu ya uzamivu kuhusu mnyauko wa migomba. Tulikutana kwenye kwaya ya kanisa la Mtakatifu Francis, pale chuoni: mimi besi, yeye alto. Maonyesho yangu ni Septemba, tasnifu yake inatakiwa Oktoba, harusi ni Desemba. Ukiyaandika hivyo kwenye karatasi, unaona mambo yamepishana vizuri. Usiiamini karatasi.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mwanza anazijua kadi za mchango, anaijua sendofu. Hapa Buganda mlango wa kuingilia ni mwingine. Unaanza na kukyala, yaani kwenda kumsalimu ssenga, shangazi upande wa baba. Huyo ndiye anayemfunda binti, na bila yeye hakuna mkwe anayefika kwa baba. Nilikwenda na wenzangu watatu na bahasha, nimevaa kanzu. Hapo nilijihisi nyumbani kidogo, maana kanzu ilipanda huku kutoka pwani ya nchi yetu pamoja na wafanyabiashara wa karne ya 19, Waganda wakaitia nakshi ya uzi mwekundu kifuani, ikawa vazi lao la heshima. Gomesi nayo, lile gauni la mabega yaliyochongoka ambalo lazima nimnunulie mama mkwe, ina jina la Gomes, fundi cherehani Mgoa. Ukitafuta mila isiyochanganyika, Kampala si mahali pake.

Ssenga alinisikiliza, kisha akamgeukia mpwa wake. "Huyu anaongea lugha ya wanajeshi," akasema. Kwa watu wa rika lake Kiswahili kilikuja na bunduki, na serikali kuamua mwaka 2022 kwamba kifundishwe kwa lazima shuleni hakujafuta kumbukumbu hiyo. Nikamjibu kwa Kiganda changu cha kubahatisha kwamba kwetu ni lugha ya kuimbia kwaya. Akacheka. Barua yangu ya posa ikaenda kwa baba.

Baada ya hapo ni kwanjula, siku ya kutambulishwa ukweni, na hapo ndipo fedha na muda vinapotafunwa. Kila upande unaleta msemaji wake, mwogezi, na hao wawili wanashindana kwa methali na mizaha saa tatu nzima huku mwenye shughuli, yaani mimi, nimekaa kimya katikati ya wenzangu. Bwana harusi haongei hata neno. Anasubiri ssenga apite mstari kwa mstari, amtambue, amvike ua. Kaka wa binti naye ana jogoo wake, na jogoo huyo hasahauliki hata kama umesahau pete.

Mgeni kama mimi lazima kwanza apewe ukoo, kwa sababu Waganda hawaoi ndani ya ukoo wao, na asiye na ukoo hana pa kusimama. Jamaa wa kwaya, mtu mwema sana, alijitolea kuniingiza kwenye ukoo wake wa Nsenene. Nilimshukuru, nikaomba siku moja ya kufikiri. Sharti la muziro ni kwamba mwanaukoo hali kile anachoitwa kwacho, na mimi ni Mhaya. Niache senene maisha yangu yote kwa ajili ya sherehe ya siku moja? Niliomba ukoo mwingine. Sasa mimi ni wa Ffumbe, fungo, na sijawahi kutamani nyama ya fungo.

Mahari haikutusumbua. Baba yake, mwalimu mstaafu, aliandika orodha fupi: Biblia ya Kiganda, kanzu, gomesi, chumvi, sukari, nyama, na ndizi. Mchumba wangu alikuwa amejiandaa kubishana, hata hukumu ya Mahakama ya Juu ya Agosti 2015 alikuwa ameisoma, ile iliyosema kwamba kudai mahari irudishwe ndoa ikivunjika ni kinyume cha katiba, ingawa kutoa mahari kwenyewe hakukukatazwa. Alipoiona orodha alikosa wa kubishana naye. Palipoleta maneno ni kwenye pombe. Kwa desturi kibuyu cha mwenge, pombe ya ndizi, ni cha baba mkwe, na walokole hawanywi wala hawaandai. Wazee wawili wa ukoo walisema bila mwenge hakuna kwanjula. Tumekubaliana kibuyu kiende, ndani yake kuwe na mubisi, juisi ya ndizi kabla haijachachushwa. Kwetu Bukoba tunaiita mulamba, na nimeinywa tangu utotoni. Mzee mmoja alikionja kwenye mazoezi, akakitazama kibuyu kwa huzuni ya kweli.

Kibuyu hicho ndicho kilichonirudisha kwenye picha niliyoitazama vitabuni kuliko nyingine yoyote. Kwa Kiswahili changu inaitwa "Wanaume Wakimpelekea Bibi Harusi Pombe ya Ndizi Usiku". Aliichora Sam Ntiro mwaka 1956. Ntiro alikuwa Mchaga wa Kilimanjaro aliyekuja kusoma Makerere chini ya Margaret Trowell, mama wa Kiingereza aliyeanza kufundisha sanaa barazani kwake miaka ya 1930 na ambaye leo shule yetu ya sanaa ina jina lake. Akawa mwalimu hapo hapo, akaenda London kusoma katika shule ya sanaa ya Slade, akarudi. Mwaka 1960 picha hiyo iliingia kwenye hazina ya jumba la makumbusho la sanaa ya kisasa la New York. Nikiwaambia wanafunzi wangu kwamba picha ya watu wa mgombani wakibeba pombe ya harusi iko New York, wananitazama kama nawauzia kiwanja hewa.

Mwaka 1958 Ntiro alimwoa Sarah Nyendwoha wa Hoima, na huyu ndiye ambaye mchumba wangu anampenda zaidi. Sarah alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kupokelewa Makerere, mwaka 1945. Alitaka kusoma hisabati, mwalimu akakataa kufundisha darasa lenye mwanamke, akalazimika kuhamia historia, jiografia na Kiingereza. Alimaliza Oxford mwaka 1954, mwanamke wa kwanza kutoka Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada pale. Akifundisha katika shule ya Gayaza aligundua kwamba analipwa pungufu ya wanaume wenye sifa sawa na zake, akasema afadhali afundishe bure kuliko kupokea mshahara huo. Wakoloni wakaona aibu, wakaupandisha. Akakaa pia kwenye Baraza la Kutunga Sheria kabla ya uhuru. Tanganyika ilipopata uhuru, Nyerere alimtuma Sam London kuwa Balozi. Sarah alifariki mwaka 2018, akiwa na miaka 92.

Niliposimulia haya kwenye kikao, nikitaka kuonyesha kwamba mchoraji wa Tanzania na msomi wa Uganda si jambo jipya mjini hapa, wajumbe walipiga makofi. Mchumba wangu alingoja tulipotoka. "Unaona? Mwanamume anachora pombe ya harusi, mwanamke anapigania mshahara. Sisi tugawane vizuri zaidi."

Tulikuwa hatujagawana vizuri. Nieleze kazi yake kidogo, maana bila hiyo hutaelewa kilichotokea. Mnyauko huo unaletwa na bakteria. Hapa Uganda ulionekana kwanza Mukono mwaka 2001, na miaka michache baadaye ukatufikia Kagera. Unaingia kupitia wadudu wanaotembelea ua la mwisho wa mkungu, na unaingia kwa panga: ukikata mgomba mgonjwa kisha ukakata mzima bila kulisafisha panga kwa dawa ya klorini ya kufulia au kulipitisha motoni, umeshapanda ugonjwa. Majani yanageuka manjano, ndizi zinaiva kabla ya wakati na ndani zimeoza. Shamba la familia linaweza kwisha. Yeye anaotesha miche kwenye banda la kioo, anaiambukiza kwa makusudi, kisha kila baada ya siku tatu anahesabu majani yaliyonyauka, aina kwa aina. Siku ya tatu ikipita, imepita.

Ikapita. Mei, wiki moja, kulikuwa na kupimwa gomesi Jumatatu, kikao Jumanne, mwogezi Jumatano, na Alhamisi kuhakiki kadi kule Nasser Road, ambako unaweza kuchapisha chochote ila muda. Hakufika bandani wiki nzima. Miche ilinyauka bila mtu wa kuihesabu, na jaribio la miezi miwili likaanza upya. Wiki hiyo hiyo mimi nilikuwa nimeacha turubai mbili nusu kwa sababu niliombwa "kama fundi" nichore mabango ya kuelekezea wageni. Hakuna wa kumlaumu. Kila aliyetuita alituita kwa upendo, na hilo ndilo linalofanya kamati iwe ngumu kukataa. Mtu anakuchangia laki mbili, utamwambiaje huna saa mbili?

Kwenye mafunzo ya ndoa mchungaji alituuliza swali ambalo sikulitarajia. Nilidhani ataanza na maombi ya pamoja au fedha. "Migomba na picha," akauliza, "mlipewa na nani?" Tukajibu, Mungu. "Na harusi?" Tukajibu hivyo hivyo. "Basi kwa nini harusi tu ndiyo inayongojewa?" Kisha akataka kujua nani atapika siku za maabara. Nikainua mkono. Akaandika jina langu kwa kalamu, mbele ya mashahidi.

Tulikwenda kwa ssenga kwanza. Mtu akitaka kubadili jambo huku, aanze kwa ssenga, asianze kwa mwenyekiti. Tulimpigia magoti wote wawili, tukaeleza. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Hiyo migomba yako, ikipona, na ya kwangu itapona?" Shamba lake la Luweero lilikuwa limekatwa nusu. Jumanne iliyofuata alikuja kikaoni bila kualikwa, akaketi mbele, akamwambia mwenyekiti kwamba mikutano kumi na miwili itakuwa minne na kwamba Jumatatu na Alhamisi binti haitwi na mtu. Mwenyekiti, ambaye ni mhasibu wa benki na haogopi watu, akasema, "Ndiyo, Ssenga."

Kitu kimoja tu alinikatalia. Nachora juu ya lubugo, kile kitambaa kinachopondwa kutoka gome la mti wa mutuba, ufundi ambao UNESCO iliutambua mwaka 2005. Nilitaka kutundika picha zangu sita ukumbini badala ya mapambo ya kukodi. Ssenga alishtuka. Lubugo huvikwa maiti, akasema, wewe unataka kumwoa mwanangu au kumzika? Nilijaribu kumkumbusha kwamba hata Kabaka huvaa lubugo akitawazwa. Akanijibu kwamba mimi si Kabaka. Picha zitabaki kwenye maonyesho ya Septemba, na nadhani yuko sahihi, ingawa nitaendelea kubisha mpaka Desemba.

Kwa hiyo mambo yamekaa hivi. Barua ya mchungaji wangu wa Bukoba imefika, na ndoa itatangazwa kanisani Jumapili tatu mfululizo. Jaribio jipya liko wiki ya sita, na majani yanahesabiwa. Bajeti ya mapambo imeshuka hadi milioni moja na nusu, na migomba ya kupamba lango itatoka kwa Ssenga, kwenye ile nusu iliyopona. Itakatwa alfajiri ya siku yenyewe, na panga litapitishwa motoni kabla ya kila mgomba.