Ada Hegerberg: mshambuliaji aliyekataa jezi ya taifa lake karibu miaka 5

Mwezi wa Disemba 2018 mjini Paris, Ada Hegerberg wa Norwe alikuwa mwanamke wa kwanza kupokea Ballon d'Or, tuzo ambayo wanaume walikuwa wanapewa tangu mwaka 1956. Alikuwa na umri wa miaka 23. Wakati huo, ilikuwa imepita zaidi ya mwaka mmoja bila yeye kuichezea ekipe ya taifa ya nchi yake. Hakuwa na jeraha wala hakuwa amefukuzwa na kocha. Yeye mwenyewe alikuwa ameomba asiitwe tena.

Uamuzi huo ndio unaotenganisha maisha yake ya kabumbu na ya washambuliaji wengine wakubwa. Magoli yake hayana ubishi. Kinachobishaniwa hadi leo ni kama mchezaji bora wa nchi ana haki ya kuinyima nchi miguu yake, ili wakubwa wa kabumbu wabadilishe namna wanavyowatendea wanawake.

Mtoto wa nyumba ya kabumbu

Hegerberg alizaliwa tarehe 10 Julai 1995 huko Molde, wiki tatu tu baada ya wanawake wa Norwe kutwaa Kombe la Dunia kwa kuipiga Ujerumani 2-0. Alikulia Sunndalsøra, mji mdogo ulio kati ya milima na bahari. Baba na mama wote walikuwa watu wa kabumbu, na dada yake mkubwa, Andrine, naye alikuja kuwa mchezaji wa kulipwa.

Norwe aliyozaliwa ndani yake ilikuwa kati ya mataifa makubwa ya kabumbu ya wanawake. Ilikuwa imechukua ubingwa wa Ulaya mwaka 1987 na 1993, na mwaka 2000 iliongeza medali ya dhahabu ya Olimpiki. Kwa mtoto wa kike wa kizazi hicho, kucheza mpira halikuwa jambo la kushangaza watu.

Familia ilihamia upande wa Oslo, na Ada akaingia klabu ya Kolbotn. Mwaka 2011, akiwa na miaka 16, alifunga magoli matatu ndani ya dakika saba katika mechi ya ligi ya kwanza dhidi ya Røa. Hakuna mchezaji mdogo kuliko yeye aliyekuwa amefunga magoli matatu katika mechi moja ya ligi hiyo. Mwaka uliofuata alihamia Stabæk, akamaliza ligi akiwa mfungaji bora kwa magoli 25, kisha akafunga matatu katika fainali ya Kombe la Norwe.

Mwaka 2013 yeye na Andrine walikwenda pamoja Ujerumani, katika klabu ya Turbine Potsdam. Mwaka huohuo Norwe ilifika fainali ya Kombe la Ulaya na kufungwa 1-0 na Ujerumani. Ada alikuwa hajatimiza miaka 19 pale Olympique Lyonnais ya Ufaransa ilipomwita mwaka 2014.

Lyon, nyumba ya mataji

Lyon wakati huo ilikuwa chini ya rais Jean-Michel Aulas, aliyeamua kuweka pesa katika ekipe ya wanawake wakati klabu nyingi za Ulaya zilikuwa bado zinaiona kama mzigo. Wachezaji walikuwa na viwanja vizuri vya mazoezi, madaktari, na ndege za safari kama wanaume. Hegerberg amesema mara nyingi kwamba hapo ndipo alipoelewa jinsi mwanamke mchezaji anavyopaswa kutendewa kazini.

Msimu wake wa kwanza alifunga magoli 26 katika mechi 22 za ligi. Mwaka 2016 UEFA ilimchagua kuwa mchezaji bora wa Ulaya. Nyumbani Norwe alipewa Mpira wa Dhahabu, tuzo ambayo hakuna mwanamke aliyekuwa ameipata kwa miaka 20. Msimu wa 2017-2018 alifunga magoli 15 katika Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, rekodi mpya ya msimu mmoja.

Mechi inayozungumziwa zaidi ni fainali ya Ligi ya Mabingwa ya mwaka 2019 mjini Budapest, Lyon dhidi ya Barcelona. Hegerberg alifunga dakika ya 14, ya 19 na ya 30. Kabla ya mapumziko mambo yalikuwa yamekwisha. Lyon ilishinda 4-1, na goli pekee la Barcelona lilitiwa na Mnigeria Asisat Oshoala.

Kwa jumla ametwaa Ligi ya Mabingwa mara sita akiwa na Lyon. Mwezi wa Oktoba 2019 aliipita rekodi ya Mjerumani Anja Mittag ya magoli 51 katika shindano hilo, na baadaye akavuka magoli 60.

Majira ya joto ya 2017

Tofauti kati ya Lyon na ekipe ya taifa ndiyo iliyoleta mvutano. Katika Kombe la Ulaya la 2017 huko Uholanzi, Norwe ilipoteza mechi zake zote tatu bila kufunga hata goli moja. Wiki chache baadaye, Hegerberg alitangaza kwamba anajiondoa kwa muda usiojulikana. Alikuwa na miaka 22.

Watu wengi walidhani ni shauri la pesa. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo, shirikisho la kabumbu la Norwe na chama cha wachezaji walitangaza makubaliano yaliyosifiwa duniani kote: wanawake na wanaume wa ekipe ya taifa walipwe sawa. Fungu la wanawake lilipanda kutoka krone milioni 3,1 hadi milioni 6, na wanaume walikubali kutoa krone 550.000 kutoka kwenye fungu lao.

Hegerberg hakurudi. Alieleza kwamba kwake malipo hayakuwa kiini cha jambo. Alilalamikia maandalizi ya ekipe, namna ya kufanya kazi kambini na heshima ndogo kwa mchezo wa wanawake, kuanzia kwa wasichana wadogo. Mwaka 2019 aliliambia gazeti la Josimar la nchini mwake kwamba kukaa katika ekipe ya taifa kulimvunja moyo hadi akawa anapata ndoto mbaya usiku.

Upande wa pili ulikuwa na hoja pia. Kocha Martin Sjögren alisema walijaribu kuzungumza naye, lakini kazi yao ilikuwa kuwaandaa wale waliotaka kucheza. Wako Wanorwe walioona kwamba anawaacha wenzake shambani peke yao, huku wao wakivumilia hali ileile.

Hata usiku wa Ballon d'Or ulionyesha alichokuwa anakizungumzia. Baada ya kutoa hotuba yake, mwanamuziki Martin Solveig, aliyekuwa anaongoza sherehe, alimuuliza kama anaweza kutingisha makalio. Alijibu hapana na kugeuka. Solveig aliomba msamaha, na Hegerberg alisema hakulichukua kama tusi. Lakini ulimwengu mzima ulijiuliza kama swali hilo angeulizwa Luka Modrić, aliyeshinda upande wa wanaume usiku huohuo.

Gharama ya kukataa

Uamuzi huo ulimgharimu. Kombe la Dunia la 2019 lilichezwa Ufaransa, nchi anayofanyia kazi, na fainali ilichezwa tarehe 7 Julai katika uwanja wa Lyon, mji wake mwenyewe. Mchezaji mwenye Ballon d'Or hakuwemo. Norwe ilifika robo fainali bila yeye, kisha ikafungwa 3-0 na Uingereza.

Mwezi wa Januari 2020 kano ya goti lake la kuume ilikatika. Alipokuwa anajitayarisha kurudi, mfupa wa muundi wa mguu wa kushoto nao ukapata ufa. Alikaa nje karibu miezi 20, na alirudi uwanjani Oktoba 2021. Lyon ilitwaa Ligi ya Mabingwa ya 2020 yeye akiwa mgonjwa.

Mwezi wa Machi 2022 mlango wa ekipe ya taifa ulifunguka tena. Lise Klaveness, mwanasheria na mchezaji wa zamani wa Norwe, alichaguliwa kuwa rais wa shirikisho, mwanamke wa kwanza katika kiti hicho. Mazungumzo kati yao yalisaidia, na Hegerberg akatangaza kurudi, ingawa kocha alikuwa bado ni Sjögren yuleyule. Tarehe 7 Aprili alivaa tena jezi nyekundu, akafunga magoli matatu dhidi ya Kosovo, Norwe ikashinda 5-1. Mwezi uliofuata huko Turin alifunga tena katika fainali ya Ligi ya Mabingwa, Lyon ikaipiga Barcelona 3-1.

Lakini mambo ya taifa hayakuwa rahisi. Katika Kombe la Ulaya la 2022 Norwe ilichapwa 8-0 na Uingereza mjini Brighton, kisha ikatolewa katika makundi. Sjögren aliacha kazi. Katika Kombe la Dunia la 2023 huko New Zealand, Hegerberg aliimba wimbo wa taifa kabla ya mechi dhidi ya Uswisi, halafu akatoka mbio kuelekea vyumba vya kubadilishia nguo kwa maumivu. Aliingia tena akitokea benchi siku Norwe ilipofungwa 3-1 na Japani na kuaga mashindano.

Mwaka 2025 huko Uswisi alikuwa kapteni. Norwe ilishinda mechi zote tatu za kundi lake, kitu ambacho mwaka 2017 kilionekana ndoto. Katika robo fainali dhidi ya Italia mjini Geneva, alikosa penalti, na dakika chache baadaye akasawazisha kwa 1-1. Dakika ya 90 Cristiana Girelli aliifungia Italia goli la pili, na Norwe ikarudi nyumbani.

Kwa klabu, Hegerberg amepata kila taji kubwa. Kwa taifa hajapata hata moja, na hakuna awezaye kusema kama miaka ile karibu mitano ingelileta. Kilicho wazi ni kwamba leo shirikisho aliloligomea limeongozwa na mwanamke aliyewahi kuvaa jezi hiyohiyo, wanawake wa Norwe wanalipwa sawa na wanaume, na aliyesusa ndiye aliyekabidhiwa kitambaa cha kapteni.