Fahamu: Mawe yakiisha, nani anarejesha ardhi?

Kurejesha ardhi ya machimbo ni kuifanya itumike tena: kulaza kingo, kurudisha udongo wa juu, kupanda miti.

Sheria inasemaje?

Kenya, Sheria ya Madini ya 2016 inamtaka mwenye leseni ya uchimbaji aweke dhamana ya fedha kwa ajili ya mazingira. Ahadi tupu haitoshi.

Inawezekana kweli?

Bamburi, Mombasa, iliwezekana. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo ya chokaa ya kiwanda cha saruji, jangwa jeupe lisilo na udongo. Mivinje ilishika, lakini majani yake makavu yalirundikana bila kuoza.

Wakaletwa majongoo! Waliyatafuna, kinyesi chao kikawa mbolea. Leo hapo ni Haller Park, na twiga wapo.