Kitanda cha Bei Rahisi Mjini Osaka

Mgeni mwenye fedha kidogo akifika Osaka, mji mkubwa wa Japani, huelekezwa mtaa wa Kamagasaki, karibu na stesheni ya Shin-Imamiya. Huko nyumba za kulala wageni ni rahisi kuliko sehemu nyingi za mji. Chumba ni kidogo, mara nyingi upana wa mikeka mitatu tu. Bafu na choo ni vya wote.

Lakini tujiulize: nyumba hizo zilijengwa kwa ajili ya nani? Zilijengwa kwa ajili ya vibarua. Alfajiri mawakala wa makandarasi walikuja na magari kuchagua watu. Asiyechaguliwa hakupata kitu siku hiyo. Mwaka 1961 kibarua mmoja aligongwa na gari, polisi wakachelewa kumwondoa barabarani, na mtaa mzima ukawaka hasira. Hata hivyo kazi iliendelea. Maonyesho ya Dunia ya 1970 yalijengwa kwa jasho lao.

Katika miaka ya 1990 kazi za ujenzi zilipungua. Vibarua walikuwa wamekwisha zeeka, na wengi walilala nje. Wenye nyumba wakaanza kuwapangisha watalii.

Basi, kitanda kile ni rahisi kwa sababu kilipimwa kwa mfuko wa kibarua. Aliujenga mji, akakosa pa kulala uzeeni. Ndiyo maana tunadai ajira ya kudumu na malipo ya uzeeni tungali na nguvu.