Gigabaiti zilizozua ugomvi nyumbani

Jirani yangu mmoja alikopa pesa kwenye chama cha ushirika kazini kwake ili amnunulie mwanawe kompyuta. Kijana huyo alikuwa ndiyo kwanza ajiunge na chuo kusomea michoro ya televisheni, yaani kutengeneza yale majina, ramani na vibao tunavyoviona kwenye kioo wakati wa habari. Muuzaji mmoja katikati ya jiji la Nairobi akamwambia, "Mzee, hii ina memori kubwa mno, gigabaiti 500!" Mzee akalipa.

Hata wiki haikwisha, ugomvi ukazuka. Kijana alilia kwamba mashine inakwama kila anapofanya kazi ya chuo. Baba mtu alipoichungulia, akaona imeandikwa gigabaiti 465.

"Wametuibia gigabaiti 35!" akafoka, huku akitafuta koti lake arudi dukani.

Nilimkuta mlangoni nikamsihi aketi. Kwa kweli hapakuwa na wizi. Mtengenezaji wa diski huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja kamili, ilhali Windows huihesabu kuwa 1,024 mara 1,024 mara 1,024, yaani baiti 1,073,741,824. Gawanya bilioni 500 kwa nambari hiyo, utapata 465 na ushei. Diski ni ile ile, vipimo ndivyo viwili.

Hasara yake hasa ilikuwa katika neno "memori". Madukani neno hilo hutumiwa kwa vitu viwili visivyofanana. Kuna diski, ambayo ni ghala: unachokiweka humo hukikuta hata umeme ukipotea. Kisha kuna ramu (sisemi ile ya chupani), ambayo ni chungu kilicho mekoni. Kompyuta hupika humo, na umeme ukikatika, kisichopelekwa ghalani hupotea. Mzee alikuwa amenunua ghala la gigabaiti 500 lenye chungu cha gigabaiti 4.

Kwa barua na hesabu za nyumbani, chungu hicho kingetosha. Michoro ya televisheni ni mambo mengine. Picha moja ya kiwango cha 1080 ina vitone 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu. Vitone hivyo huitwa pikseli, na jumla yake ni 2,073,600. Kila pikseli hutumia baiti tatu: ya rangi nyekundu, ya kijani na ya buluu. Mchora vibao huongeza ya nne, iitwayo alfa. Hiyo haina rangi. Kazi yake ni kueleza pikseli ifunike au ipitishe kilicho nyuma. Pasipo alfa, jina la mtangazaji lingekuja na kioo kizima cheusi, naye mwenyewe asionekane.

Basi picha moja, ambayo mafundi huiita fremu, ni baiti 8,294,400. Katika mfumo wa fremu 25 kwa sekunde, kibao cha sekunde 10 tu huzidi baiti bilioni mbili kabla hakijabanwa. Fremu hizo zote hukaa kwenye ramu kijana anapotaka kukitazama kikicheza. Ukikumbuka kwamba Windows na programu ya kuchorea nazo zinataka sehemu yao, utaona kwa nini mashine ilikuwa ikizubaa.

Mzazi mwenye safari kama hiyo na aulize kwanza ramu ni kiasi gani, halafu kama inaweza kuongezwa. Swali hili la pili wengi hulisahau, kumbe baadhi ya kompyuta za kupakata ramu yake imechomelewa kwenye bodi, na haiongezeki ng'o.

Jirani yangu alikuwa na bahati. Fundi alifungua kifuniko cha chini, akakuta nafasi moja tupu, akachomeka ramu ya gigabaiti 8. Kazi yenyewe haikuchukua hata nusu saa. Mzee alikilipia kile kijibao chembamba huku akikigeuza geuza mkononi.

"Na hizi 35?" akamnong'onezea mwanawe wakitoka. "Una hakika haziwezi kurudishwa?"