Kiharusi Kinachoanzia Shingoni

Neno kiharusi likitajwa, wengi wetu tunamfikiria mzee mwenye shinikizo la damu. Mwezi huu tunazungumza juu ya kiharusi kingine, ambacho huwapata hata vijana waliokuwa wazima kabisa. Hicho huanzia shingoni, mshipa wa damu unapochanika.

Tuchukue mfano. Kijana wa miaka 32 ameanguka na bodaboda akirudi kutoka mnadani. Hakuvunjika mahali, akaenda zake nyumbani. Siku mbili shingo inamuuma upande mmoja, na maumivu yanapanda nyuma ya sikio. Siku ya tatu asubuhi anakunywa chai, kikombe kinamponyoka. Mdomo umekwenda upande na maneno hayaeleweki. Jirani mmoja anasema ni upepo mbaya, mwingine anasema amerogwa, wa tatu anashauri aachwe alale kwanza. Hadi jioni bado yuko kitandani, na saa ambazo tiba ingemsaidia zaidi zimekwisha kupita.

Nini kinatokea?

Damu hupanda kichwani kwa mishipa mikubwa minne: miwili mbele ya shingo, na miwili nyuma, inayopita ndani ya mifupa ya shingo. Ukuta wa mshipa una tabaka, kama koti lenye bitana. Bitana ikichanika, damu hupenya kati ya tabaka, ukuta huvimba na njia huwa nyembamba. Tena mahali hapo damu huganda. Kipande kikikatika kikapanda hadi kwenye ubongo, huziba mshipa mdogo, na sehemu ya ubongo inayokosa damu huanza kufa.

Chanzo chaweza kuwa ajali, kuanguka kutoka mtini, kupigwa shingoni, au kuzungushwa shingo kwa nguvu, kama baadhi ya vinyozi wanavyofanya baada ya kunyoa. Kwa hiyo tunashauri: ukikaa kwenye kiti cha kinyozi, mwambie mapema asikuvunje shingo. Mara nyingine hata kukohoa au kutapika kwa nguvu kwatosha, na wako ambao chanzo chao hakijulikani.

Katika nchi za Ulaya na Marekani, ambako jambo hili limechunguzwa sana, kuchanika huku husababisha kama viharusi 2 tu katika kila 100. Lakini kwa watu walio chini ya miaka 50, hufikia kati ya 10 na 25 katika kila 100.

Dalili za kuangalia

Mara nyingi shingo hutoa onyo kwanza. Maumivu mapya ya upande mmoja wa shingo au kichwa, kope moja kulegea, mboni ya jicho hilo kuwa ndogo, au kusikia mvumo sikioni unaokwenda na mapigo ya moyo: hayo yanatosha kumpeleka mtu hospitali siku hiyo hiyo, hata kama anatembea. Kiharusi chaweza kufuata baada ya saa chache, siku, au hata wiki.

Kiharusi chenyewe hutambulikana hivi: uso kwenda upande, mkono au mguu kukosa nguvu, maneno kuvurugika. Mishipa ya nyuma ikihusika, mgonjwa hupata kizunguzungu kikali, hutapika, huyumba kama mlevi, au huona vitu viwili viwili.

La kufanya nyumbani

1. Tazama saa. Kumbuka ni lini mgonjwa alionekana mzima mara ya mwisho.

2. Tafuta gari mara moja. Kumwombea ni vema, lakini aombewe akiwa njiani.

3. Mlaze kiubavu kama anatapika au amepoteza fahamu. Kama ameanguka sasa hivi, shikilia kichwa na shingo visigeuke.

4. Usimpe chakula, maji wala dawa ya kunywa, kwa maana anaweza kupaliwa. Hata aspirini usimpe. Kiharusi kingine hutokana na damu kuvuja ubongoni, na aspirini yaweza kukizidisha.

5. Usimpe dawa ya presha ya mtu mwingine. Usimkande wala kumnyoosha shingo, na asichanjwe chale.

Hospitalini

Daktari atapima sukari na presha, kisha atataka picha ya siti-skani ili ajue kama damu imevuja au mshipa umeziba. Hapa kwetu Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa inacho kipimo hicho. Mwambieni daktari wazi: "Aliumia shingo," au "Shingo ilimuuma kwanza." Bila neno hilo, huenda mishipa ya shingo isipigwe picha.

Mshipa ukiwa umeziba, ipo dawa ya sindano ya kuyeyusha damu iliyoganda, hata kama chanzo ni mshipa wa shingo uliochanika. Haipatikani kila hospitali, na huchomwa ndani ya muda wa saa nne na nusu tangu dalili zianze. Zikianza saa 2 asubuhi, mwisho ni saa 6 na nusu mchana. Kwa mtu wa Kondoa, kilomita kama 160 kutoka mjini, hakuna nafasi ya kungoja.

Aliyechelewa naye apelekwe, kwa kuwa bado yupo hatarini kupata kiharusi cha pili. Hupewa aspirini au dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, kwa kawaida miezi mitatu hadi sita. Utafiti uliotolewa mwaka 2015, wa wagonjwa 250 wa Uingereza na Australia, haukuona tofauti ya wazi kati ya aina hizo mbili za dawa. Basi mgonjwa asivunjike moyo akipewa aspirini tu, na asiiache kabla daktari hajamwambia.

Mara nyingi mshipa hupona wenyewe katika miezi michache. Ubongo uliokufa haurudi. Ndiyo maana tunawasihi: shingo ikiuma baada ya kuumia, msingoje mpaka kikombe kianguke.