Je, Wajua? Pesa ya Seyyid Barghash na Ubishi wa Herufi Mbili-Mbili

Je, wajua kwamba pesa za shaba za Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar, bado zinauzwa Mji Mkongwe? Pita Mtaa wa Gizenga, kwenye maduka ya vitu vya kale, utazikuta zimechanganywa na heller za Wajerumani na senti za kikoloni zenye tundu katikati. Upande mmoja una maandishi ya Kiarabu, wa pili una mizani na mwaka wa Hijria, 1299 au 1304, yaani miaka ya 1880. Nyingi zimesagika. Lakini ukipata moja ambayo tarakimu zake zinaonekana mbili-mbili, mithili ya kitu na kivuli chake, usikimbilie kulipa bei ya juu. Juu ya kivuli hicho wakusanyaji wa sarafu duniani hawajawahi kukubaliana.

Ubishi wenyewe unaanzia kiwandani. Sarafu hupigwa kwa muhuri wa chuma cha pua, na muhuri huo nao hutengenezwa kwa kukandamizwa na muhuri mama wenye picha iliyoinuka. Zamani mkandamizo mmoja haukutosha. Chuma kiligeuka kigumu, kikarudishwa motoni kilainike, kisha kikakandamizwa tena. Fundi akikirudisha kimepinda hata kidogo, picha ya pili haiikalii ya kwanza, na kila sarafu itakayotoka kwenye muhuri huo huzaliwa na maandishi mawili. Ndivyo ilivyokuwa kwa senti ya Marekani ya mwaka 1955, yenye sura ya Lincoln, iliyopigwa Philadelphia. Zaidi ya 20,000 ziliingia mitaani kabla ya kuzuiwa, na nyingi zilitoka kama chenji iliyowekwa ndani ya pakiti za sigara. Mwaka wake unasomeka mara mbili kwa macho matupu, na hakuna mkusanyaji anayebisha thamani yake.

Kinachobishaniwa ni kivuli cha aina nyingine. Mashine ikilegea, muhuri hutikisika kidogo pale pale unapopiga na kuisukuma pembeni shaba iliyokwisha inuka. Sarafu moja itatoka na kivuli, inayofuata itatoka safi. Ukiiinamisha chini ya taa na kuitazama kwa lenzi, utaona kivuli hicho ni bapa, kimekaa chini kama kidaraja, na herufi yenyewe imekonda kwa sababu imeibiwa unene wake. Kosa la muhuri huonekana tofauti: herufi imenenepa, mistari yote miwili ni ya mviringo, na kwenye pembe zake mna mpasuko mdogo unaotenganisha picha ya kwanza na ya pili.

Kuna wanaosema kivuli cha mtikisiko hakina hata haki ya kuitwa kosa, ni jeraha tu, wala hakistahili kuongezewa senti. Wengine hujibu kwamba nacho kilitokea kiwandani, basi ni sehemu ya historia ya sarafu. Hata walioafikiana kuhusu kosa la muhuri hugawanyika tena: je, lihesabiwe lisiloonekana mpaka kwa lenzi ya kukuza mara kumi? Mimi nasimama na wanaotaka kosa lionekane na lijirudie, kwa kuwa linalojirudia linaweza kuthibitishwa na mtu mwingine mwenye sarafu nyingine mkononi.

Na hoja hiyo Zanzibar ina ushahidi wake mzuri kuliko wote, ila si kwenye sarafu, ni kwenye stempu. Mwaka 1895 posta ya hapa ilipotoka mikononi mwa India, stempu za India zilipigwa chapa ya neno "Zanzibar" juu yake, kazi iliyofanyika hapa hapa, kwenye matbaa ya gazeti la serikali. Herufi zilipangwa kwa mkono. Zikatoka stempu zilizoandikwa "Zanzidar", nyingine "Zanizbar", nyingine "Zanibar". Herufi ikishakaa vibaya kwenye fremu, kosa lilijirudia mahali pale pale kwenye kila karatasi hadi mtu alipoliona, sawasawa na muhuri uliokandamizwa upande. Leo hizo ni miongoni mwa stempu za Zanzibar zinazotafutwa sana, na wanaozighushi nao hawakukosekana. Karatasi iliyopitishwa mtamboni mara mbili nayo huthaminiwa, kwa kuwa kweli ilipigwa chapa mbili. Ile iliyoyumba tu ikaacha ukungu wa wino haithaminiwi.

Bara nako kuna mfano wa tofauti zinazojirudia. Mwaka 1916, wakiwa wamezingirwa na vita, Wajerumani walipiga sarafu Tabora, na heller 20 zake hutofautishwa kwa ukubwa wa taji na ncha za herufi L.

Ubishi mwingine, wa ipi ni sarafu halisi na ipi ni nakala, unaihusu riale ya Maria Theresa wa Austria, fedha iliyonunua karafuu na pembe za ndovu Unguja. Malkia huyo alifariki mwaka 1780, lakini sarafu yake iliendelea kupigwa Vienna, Roma, London, Bombay na kwingineko, daima ikiwa na mwaka 1780. Wataalamu huzitenganisha kwa lulu za bizimu ya malkia na manyoya ya mkia wa tai. Wapo wanaoziita nakala zile zote zilizofuata. Lakini mfanyabiashara wa Unguja aliyezipima akakuta uzito wa gramu 28 hivi na fedha ile ile alizipokea kama riale halali, na kwangu hukumu yake ina uzito kuliko ya katalogi.